Rektifaya: Kunyoosha Si Kudhibiti

Mwambie fundi wa bodaboda kwamba pikipiki haichaji, naye hata kabla hajainama atakutajia mtuhumiwa: rektifaya. Mara nyingi hakosei. Kile kiboksi cha alumini chenye mapezi ndicho kinachopokea umeme kutoka kwenye koili za injini na kuufikisha kwenye betri ukiwa katika hali ambayo betri inaiweza. Kikiharibika, betri hufa njaa, au huchemka. Ila jina hilo moja limebeba kazi mbili, na maadamu pikipiki ni mpya, hakuna anayeumia. Tabu huanza mtu anapofufua pikipiki ya zamani, ambayo kazi hizo ziligawiwa vifaa viwili mbalimbali, akataka kuvitoa aweke kimoja cha kisasa. Asiyejua kipi kinafanya nini atatoa kimoja na kuacha kingine.

Tuchukue Triumph Bonneville ya mwaka 1968, iliyoundwa Meriden, karibu na Coventry, Uingereza. Umeme wake ni wa Lucas, kampuni ya Birmingham. Upande wa kushoto wa injini, ndani ya kasha la cheni, mna altaneta: rota yenye sumaku ya kudumu inazunguka katikati ya stata, na kila ncha ya sumaku inapopita, umeme kwenye koili hugeuza njia, mara huku, mara kule. Huo ni mkondo geu. Betri haiutaki hata kidogo. Yenyewe huchajiwa na mkondo unaoelekea upande mmoja tu, yaani mkondo mnyoofu. Anayeona majina haya ni ya darasani mno aitazame multimita yake: V yenye kiwimbi ni ya mkondo geu, V yenye mstari ulionyooka ni ya mkondo mnyoofu.

Kifaa cha kwanza, basi, ni kile kinachoufanya mkondo geu uwe mnyoofu. Ndani yake mna diodi, ambazo hupitisha umeme upande mmoja na kuukatalia kurudi. Zikipangwa nne kwa mtindo wa daraja, ile nusu ya wimbi iliyokuwa ikirudi nyuma nayo huelekezwa mbele, na betri ikapata zote mbili. Pikipiki za Kiingereza za miaka ya 1950 zilitumia sahani za seleniamu zilizotungwa kwenye boliti moja. Seleniamu huchoka kwa umri: ukinzani wake hupanda, chaji hupungua, na ikiungua hutoa moshi wenye sumu na harufu ya kukera. Silikoni ilipochukua nafasi yake mambo yalitengemaa, ingawa umbo la sahani kwenye boliti lilibaki, pamoja na mtego wake. Nati inayobana sahani zenyewe haiguswi. Unapokaza ile ya kukifunga kifaa kwenye fremu, shikilia boliti kwa spana ya pili, maana sahani zikizunguka hata kidogo miunganisho ya ndani hukatika, nawe utadhani umenunua kitu kibovu.

Kwa Kiswahili tukiiteje? Mwenye haraka ataandika kirekebisha mkondo, kwa kuwa kitenzi cha Kiingereza kilichozaa rektifaya hutumika pia kwa maana ya kusahihisha kosa. Lakini asili yake ni rectus ya Kilatini, yaani nyoofu, na hiyo ndiyo maana waliyoikusudia watu wa umeme. Mkondo geu haujakosea lolote. Tena kurekebisha ni jambo linalokaribia mno kazi ya kifaa cha pili, kwa hiyo neno hilo litatuchanganya palepale tulipotaka kupambanua. Mimi nashika kinyoosha mkondo, lililoundwa kama kipaza sauti na kinasa sauti; kwa ufupi, kinyooshi. Mwenye jicho kali atapinga kwamba umeme utokao kwenye diodi una matuta, haujanyooka. Ni kweli, ila kinachonyooshwa ni mwelekeo, si umbo. Matuta hulainishwa na betri, au na kapasita. Lucas walikuwa nayo moja, 2MC, iliyoiwezesha Triumph kuwaka na kutembea bila betri kabisa.

Kifaa cha pili kimezaliwa na tatizo jingine. Kwenye altaneta ya gari, rota ni koili: ukipunguza umeme unaoingia humo, sumaku inalegea na uzalishaji unashuka. Sumaku ya kudumu haibembelezeki hivyo. Injini ikipandisha mizunguko, volti nazo zinapanda, hakuna wa kuziuliza. Zamani za volti 6, swichi ya taa ndiyo iliyoamua ni koili ngapi zichaji: taa zikizimwa koili zinapungua, zikiwashwa zinaongezwa. Ni kubahatisha tu. Volti 12 zilipoingia katikati ya miaka ya 1960, Lucas wakaleta diodi ya Zener, yenye jina la mwanafizikia wa Marekani Clarence Zener, ambayo hukubali kupitisha umeme kinyumenyume volti zikifika kiwango fulani. Kwenye Bonneville ya 1968 imefungwa kwenye bonge la alumini lenye mapezi, chini ya taa kubwa ya mbele, ili upepo uipoze. Volti zikikaribia 14 inaanza kunywa ziada na kuigeuza joto.

Zener ni diodi, lakini hapo hainyooshi chochote. Inadhibiti. Ndiyo maana ni kosa kumfundisha mwanafunzi kwamba diodi na kinyooshi ni kitu kimoja, na ndiyo maana kifaa hiki cha pili kinastahili jina lake: kidhibiti volti.

Boksi la kisasa linalouzwa kwa ajili ya pikipiki hizi lina vyote viwili ndani, na kwa kawaida waya nne: mbili za njano, moja nyekundu, moja nyeusi. Za njano huenda kwenye waya mbili za stata, yoyote kwa yoyote. Nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi. Hapa ndipo mkono uliozoea bodaboda unapoponza, kwa sababu Triumph hii ina ethi ya chanya: waya mwekundu unafungwa kwenye fremu! Mweusi unaungana na waya wa moto wa pikipiki, kahawia wenye mstari wa buluu, unaokwenda hasi ya betri. Kinyooshi cha zamani kinatoka, na waya wa Zener unachomolewa (bonge lake wengi huliacha, kwa sura). Ukiiacha Zener imeunganishwa, utakuwa na vidhibiti viwili, na kile chenye kiwango cha chini ndicho kitakachobeba mzigo.

Je, rektifaya ya dukani ya pikipiki za mtindo wa CG125, nayo ya waya nne, haifai? Haifai. Yenyewe hunyoosha nusu tu ya wimbi, inategemea koili ambayo ncha yake moja imefungwa kwenye fremu, na waya wake mwingine ni wa kudhibiti taa inayotumia mkondo geu. Stata ya Triumph haigusi fremu popote, na inahitaji mnyoosho wa wimbi zima.

Upande wa kudhibiti nao umegawanyika. Vidhibiti vingi hupiga shoti: volti zikizidi, huziunganisha waya za stata zenyewe kwa thairista, au kwa mosfeti ambazo hupata joto dogo zaidi, kama ilivyo FH020 ya Shindengen ya Japani. Altaneta ya sumaku huvumilia shoti hiyo, ila stata inafanya kazi muda wote na kupata joto. Vingine, kama SH775 ya kampuni hiyohiyo, hukata njia badala ya kupiga shoti, na stata ikapumua. Hicho ni cha stata ya fezi tatu. Bonneville yetu ni ya fezi moja. Navyo tuvipe majina ya gereji: kidhibiti cha shoti na kidhibiti cha kukata.

Ukimaliza kufunga, pima kwenye nguzo za betri. Iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi, injini ikishika mizunguko 3,000 kwa dakika usomaji upande hadi 14 na kitu. Ukipita 15, kidhibiti hakifanyi kazi. Usipopanda kabisa, chomoa waya za stata uipime kwa mkondo geu kabla hujalilaumu boksi. Stata ikiwa nzima na betri bado haipati kitu, hapo ndipo ushuku kinyooshi.