Nani Aliyekupa Herufi za Muyaka?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, mnapohesabu vina vya shairi la Muyaka bin Haji, je, mmewahi kujiuliza ni nani aliyewapa herufi hizo? Muyaka alifariki Mombasa yapata 1840, wala hakuacha diwani iliyopigwa chapa. Beti zake zilikaa vifuani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya, akishirikiana na mmishenari W. E. Taylor, mwishoni mwa karne ya 19. Karatasi za Taylor zimo katika maktaba ya chuo cha SOAS, London, na baadhi ya miswada ya Kiswahili iliyo huko imepigwa picha, yaweza kusomwa kwa kompyuta.

Hapa ndipo penye uhondo. Miswada hiyo ya mashairi iliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na hati hiyo ya kale aghalabu haikutenga 'p' na 'b', 'e' na 'i', wala 'o' na 'u'. Yaani 'tupa' na 'toba' huandikwa sawasawa! Msomaji ndiye huamua. W. Hichens aliamua alipochapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940, Mohamed H. Abdulaziz naye ikambidi aamue katika kitabu chake cha 1979.

Basi kina cha '-e' kikikutana na '-i', usikimbilie kuandika kwamba mshairi amekiuka arudhi. Yamkini ni mnukuzi. (Miongozo yetu, kwa maoni yangu, humwonea Muyaka.) Chukueni ukurasa mmoja wa picha hizo, muusome pamoja na mwalimu wa madrasa, kisha mlinganishe na kitabu.