The Last Open Road: Novo za Ndai za Kitambo Unafaa Kusoma

Kama unapenda ndai, cheki hizi novo za Mmarekani Burt Levy. Anza na The Last Open Road ya 1994, juu story inaendelea kwa Montezuma's Ferrari, halafu The Fabulous Trashwagon.

Anayekupigia story ni Buddy Palumbo, fundi kijana wa petroli stesheni huko New Jersey, mwaka wa 1952. Sonko mmoja, Big Ed, ananunua Jaguar XK120, na Buddy ndiye anaitunza. Hapo ndipo anaingizwa kwa mbio za matajiri, mikono bado na grisi.

Kabla usome, jua hii: enzi hizo mbio za Watkins Glen, New York, zilikuwa kwa barabara za kawaida, zinapita katikati ya mji, watu wamesimama kando tu. Mwaka huo huo wa 1952 gari liligonga watazamaji, mtoto wa miaka 7 akafariki. Mbio hazikurudi tena kwa barabara hizo. Utacheka sana na Buddy, lakini ukijua hiyo, jina la kitabu utalielewa vizuri.