Kugeuza gari dogo kuwa la mashindano: Mambo ya kujua kwa wakazi wa Bukoba na Muleba

MKOA wa Kagera hauna kiwanja cha lami kilichojengwa kwa ajili ya mbio za magari, na mikoa mingine ya Tanzania iko katika hali hiyo hiyo. Ukweli huo ndio unaopaswa kumtangulia kila mwenye hachibeki ya kasi, yaani gari fupi lenye mlango mkubwa nyuma badala ya buti, anayetaka kung'oa viti vya gari lake na kulifanya la mashindano.

Miongozo mingi inayosomwa kwenye intaneti imeandikwa Uingereza, Ujerumani au Japani, ambako mwenye gari hulipia kiwanja kwa siku moja na kuzunguka katika lami safi, bila mpinzani wala kombe. Anayeifuata neno kwa neno hujikuta na gari lililoshushwa hadi karibu kugusa ardhi, lenye matairi laini yasiyo na kashata, na hana pa kuliendeshea isipokuwa barabara ya watu wote.

Barabara ya watu wote kati ya Bukoba na Muleba maana yake ni baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi, wanafunzi wanaotembea pembeni na bodaboda zinazojitokeza kutoka njia za migombani. Msimu wa senene unapofika, watu hukusanyika usiku palipo na taa, macho yao yakiwa juu wala si barabarani. Aidha, bima za kawaida za magari huwa hazilipi hasara iliyotokea katika mbio au majaribio ya kasi. Gari likishageuzwa, na lihesabiwe kuwa limetoka barabarani. Safari yake ya kwenda na kurudi ni juu ya lori au trela.

Viwanja vilivyopo katika ukanda huu kwa sehemu kubwa ni vya udongo. Mkazi wa Bukoba yuko karibu zaidi na Uganda kuliko Dar es Salaam: Mutukula iko umbali wa takriban kilomita 80, na kutoka hapo barabara huendelea hadi Masaka na Kampala. Kaskazini mwa Kampala kuna Busiika, jina linalofahamika kwa mbio za udongoni. Nchini Kenya, mbio fupi za kuzunguka uwanja wa vumbi, gari likishindana na saa, zimekuwa shule ya madereva wengi wa rali. Hapa nchini, michezo ya magari husimamiwa na chama cha AAT, ambacho ni mwanachama wa Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, na rali hukimbiwa katika barabara za vumbi zinazofungwa kwa muda.

Kwa hiyo gari linalofaa kutengenezwa Bukoba au Muleba ni la udongoni. Hilo si jambo la kujutia, kwani magari madogo yana historia ya heshima katika vumbi la Afrika Mashariki. Katika Safari Rally ya mwaka 1993 nchini Kenya, magari ya Toyota Celica yenye turbo yalichukua nafasi nne za kwanza. Nyuma yake, katika nafasi ya tano, ya sita na ya saba, zilikuja Daihatsu Charade, hachibeki zenye injini ya silinda tatu na ujazo wa sentimita 993 tu. Mwaka huo huo Subaru iliingiza Vivio, gari dogo zaidi lenye injini ya sentimita 660. Colin McRae wa Scotland alitamba nalo kwa kasi kabla ya mfumo wa springi kuvunjika. Patrick Njiru wa Kenya alilifikisha jingine mwisho, akashika nafasi ya 12 na kuongoza daraja lake.

Magari ya kuanzia hayapo mbali. Toyota IST na Vitz yamejaa mitaani, na Vitz RS ya kizazi cha kwanza yenye injini ya lita 1.5 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 110. Starlet Glanza V, yenye turbo na takriban farasi 135, ni adimu zaidi lakini ni nyepesi na kali. Mnunuzi akumbuke kwamba takwimu hizo hazipatikani kando ya Ziwa Victoria. Uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiwango kama hicho, na kwenye miinuko ya Kamachumu hupoteza zaidi.

Kabla ya kulipa, ni vyema gari likainuliwa na sakafu yake ikagongwa kwa nyundo ndogo. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani kukabiliana na theluji, huweza kuwa na kutu ambayo rangi mpya imeificha. Sakafu iliyooza haiwezi kushikilia kizimba cha chuma, na bila kizimba hakuna gari la mashindano.

Kizimba ni mabomba yaliyokunjwa kufuata umbo la ndani ya gari ili paa lisimshukie dereva gari linapobiringika. Kanuni za FIA zinataka bomba la chuma cha kaboni lisilo na mshono, lenye kuhimili mvuto usiopungua nyutoni 350 kwa kila milimita ya mraba. Upinde mkuu, ule unaosimama nyuma ya dereva, uwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au kipenyo cha 50 na unene wa 2.0. Kila mguu wa kizimba ukae juu ya bamba lenye eneo lisilopungua sentimita za mraba 120 na unene usiopungua milimita 3, vinginevyo utatoboa sakafu siku ya ajali. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Bomba la maji au la kutengenezea geti, ambalo ndilo rahisi kupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi, kwa kawaida lina mshono na halina uthibitisho wowote wa nguvu yake. Fundi hodari wa kuchomelea mageti anaweza kulikunja vizuri, akalipaka rangi likapendeza, na bado likajikunja kama karatasi.

Hatari kubwa zaidi imo katika kazi ya nusu. Wapo wanaotamani kuweka kizimba katika gari ambalo Jumatatu litawapeleka watoto shule. Kizimba kimekusudiwa mtu aliyevaa kofia ngumu na kufungwa imara kitini. Kwa abiria wa kawaida, bomba lililo karibu na kichwa linaweza kuua katika mgongano ambao gari lisilo na kizimba lingeumiza tu. Vivyo hivyo mikanda ya mabegani ya mashindano, ikivutwa kutoka sakafuni kwa mteremko mkali, hukandamiza uti wa mgongo. Huhitaji kiti chake, nanga zake na pembe sahihi. Kofia ya bodaboda nayo haitoshi, kwa kuwa kofia za mbio za magari zina bitana isiyoshika moto upesi.

Baada ya usalama wa dereva hufuata breki, na hapa hali ya hewa ya Bukoba ina la kusema. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka mapema. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 230. Yakishalowa, kiwango hicho hushuka hadi 155. Yakichemka, mvuke hujaa kwenye mirija na pedeli huzama hadi sakafuni bila gari kupungua mwendo. Katika mji unaopata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, mafuta hayo yabadilishwe kabla ya kila msimu wa mashindano, na kopo lililokaa wazi litupwe. Pedi zinazostahimili joto kali na mafuta mapya huleta faida kubwa kuliko diski pana za kujionyesha.

Kwenye springi na shokapu, ushauri wa lami hupinduliwa. Gari la udongoni huinuliwa kidogo, springi zake huachwa na ulaini wa kufuata mabonde, na chini ya injini hufungwa bamba la kulinda sampu. Jiwe moja likipasua sampu, oili humwagika na injini huisha ndani ya dakika chache. Hachibeki nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele, ambako pia ndiko uzito ulikolala, hivyo hupenda kwenda moja kwa moja dereva anapotaka kona. Kuondoa viti vya nyuma, mazulia na tairi la akiba hupunguza uzito, lakini huiacha nyuma nyepesi zaidi, ikateleza ghafla dereva anapoachia mafuta. Mazoezi ya kuizoea tabia hiyo yafanyike kwa mwendo mdogo.

Injini iwe ya mwisho. Inatosha iwe nzima, rejeta iwe safi na chujio la hewa lifungwe pasipo mwanya. Vile vichujio vya wazi vinavyovuma vizuri mtaani havifai sana kiwanjani Julai, kwani vumbi jembamba jekundu likipenya husaga kuta za silinda. Masika na vuli tatizo hugeuka: udongo huo huo huwa utelezi, hujaza kashata za tairi la barabarani, na tairi la rali lenye meno yaliyoachana ndilo pekee linaloshika.

Vipuri vya mashindano havipatikani kwa urahisi mkoani. Huagizwa Kampala, Mwanza au Dar es Salaam, na kwa wanaotumia Mwanza, daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko. Anayekusudia kushindana Uganda afuatilie mapema taratibu za forodha Mutukula za kulitoa gari kwa muda na kulirejesha. Aombe pia kwa waandaaji kanuni za daraja lake kwa maandishi kabla fundi hajakata bomba la kwanza, kwa sababu wakaguzi wa kiwanjani hupima kipenyo, huangalia tarehe ya mwisho iliyoshonwa kwenye mkanda, na gari lisilotimiza masharti hurudishwa juu ya trela kabla halijawashwa.