Faragha ya Sikio: Asili ya Hedifoni na Maendeleo Yake

Jicho limepewa kope, na kinywa kimepewa midomo. Lakini sikio limeumbwa wazi usiku na mchana, na mwenye nalo hawezi kulizuia lisisikie asichokipenda. Kwa sababu hiyo, wimbo ulio furaha kwa mtu mmoja waweza kuwa udhia kwa jirani yake, na ugomvi juu ya makelele ni wa kale kama ujirani wenyewe. Leo abiria wa treni ya Tokyo, wa basi la London na wa daladala ya Dar es Salaam huvaa masikioni vyombo viitwavyo hedifoni, wakasikiliza muziki au wakatazama filamu pasipo kumkera mtu. Ni rahisi kudhani kuwa chombo hiki kilibuniwa kwa ajili ya adabu. Historia yake yaonyesha vingine. Kilizaliwa kwa sababu ya udhaifu wa sauti, kikakuzwa na mapenzi ya muziki, kisha kikafanywa kimbilio la wanaoukimbia mngurumo wa mitambo. Na kila haja miongoni mwa hizo imeacha alama katika aina zinazouzwa madukani hata sasa.

Mzazi wa hedifoni ni simu. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu mwaka 1876, na miaka mitano baadaye, katika Maonyesho ya Umeme ya Paris ya mwaka 1881, Clément Ader aliwashangaza watu kwa kuwasikilizisha muziki wa jumba la Opera kwa njia ya waya. Kila msikilizaji alishika vipokezi viwili, kimoja kwa kila sikio, na kila kipokezi kiliunganishwa na upande wake wa jukwaa. Basi aliweza kutambua mwimbaji alipohama kutoka kushoto kwenda kulia. Mwaka 1890 jambo hilo likawa biashara iliyoitwa Théâtrophone, nayo ilidumu mpaka mwaka 1932. Mwandishi Marcel Proust, aliyekuwa mgonjwa na mwenye kuchukia makelele, alijiandikisha mwaka 1911, akawa asikiliza opera akiwa nyumbani kwake. London nayo ilipata huduma ya namna hiyo, Electrophone, mwaka 1895. Hata hivyo, mtu hakutia kipokezi sikioni ili amsitiri jirani. Alifanya hivyo kwa kuwa sauti iliyopita katika waya ilikuwa hafifu mno, wala hapakuwa bado na njia ya kuikuza ijaze chumba.

Udhaifu huohuo ndio uliomfanya Nathaniel Baldwin wa Utah, nchini Marekani, atengeneze kwa mkono hedifoni zenye wepesi wa kunasa sauti kupita zote zilizokuwapo. Alizipeleka kwa jeshi la majini la Marekani mwaka 1910. Wapokeaji wa habari za simu ya upepo melini walihitaji kutambua mlio mdogo kati ya mikwaruzo mingi, nao wakubwa wa jeshi walipozijaribu waliagiza nyingine, ijapokuwa karakana ya mtengenezaji ilikuwa jiko la nyumba yake. Katika miaka ya 1920 redio za kioo ziliingia majumbani. Redio hizo hazikuhitaji betri, lakini hazikuwa na nguvu ya kuendesha spika. Basi watu wa nyumba moja waligawana vipokezi, au walivitia ndani ya bakuli ili mwangwi wake uwafikie wote. Redio za valvu na spika zilipoenea, hedifoni ziliwekwa kando pasipo majonzi. Kusikiliza peke yako kulihesabiwa kuwa upungufu.

Yafaa ikumbukwe kwamba Afrika ya Mashariki ilipokea utangazaji wa redio kwa wingi baada ya zama hizo kupita. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, redio ilikuwa tayari chombo cha spika. Watu waliizunguka barazani na mikahawani, wakasikiliza pamoja na kujadiliana waliyoyasikia. Wenyeji wa nchi hizi, kwa hivyo, walizoea sauti ya shirika kabla ya kujua sauti ya mtu mmoja, na yumkini hiyo ni sababu mojawapo ya hedifoni kuonekana ngeni zilipofika baadaye.

Wakati huo, Ulaya na Marekani zilikuwa zimekwisha kuipa hedifoni kazi nyingine. Mwaka 1937 kiwanda cha Eugen Beyer cha Berlin kilitoa hedifoni iitwayo DT 48, ambayo ndani yake koili ndogo iliyofungwa kwenye utando huchezacheza katikati ya sumaku; hedifoni nyingi mpaka leo hufuata kanuni hiyo. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee alikwenda kuonyesha gramafoni ya kuchukulika, akaongeza hedifoni za kusikilizia muziki wa stereo. Watu walistaajabia hedifoni kuliko gramafoni. Hapo ndipo hedifoni ilipoacha kuwa mkongojo wa sauti dhaifu ikawa starehe ya kuchaguliwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1968, Sennheiser ya Ujerumani ilitoa HD 414, hedifoni ya kwanza ya wazi kuuzwa kwa watu wengi. Hedifoni ya namna hiyo haizibi sikio. Hewa hupita, na muziki husikika kwa upana kana kwamba watoka chumbani. Lakini pale hewa ipitapo, sauti nayo hupita. Kwa hiyo hedifoni ya wazi yamfaa aliye peke yake nyumbani. Ndani ya basi humtangazia jirani kila wimbo, na mngurumo wa injini huingia bila kubisha hodi. Msafiri yafaa atafute iliyofungwa, au ile ndogo iingiayo tunduni mwa sikio na kulijaza.

Mwaka 1979 Sony ya Japani ilitoa Walkman, kinanda cha kaseti cha kuchukua mkononi chenye hedifoni nyepesi. Mkuu wa kampuni, Akio Morita, aliingiwa na wasiwasi kwamba ni utovu wa adabu mtu kusikiliza muziki peke yake mbele ya mwenziwe. Kwa hiyo chombo cha kwanza kilifanyiwa matundu mawili ya hedifoni, watu wawili wasikilize wimbo mmoja, na kitufe cha rangi ya machungwa ambacho kilipobonyezwa kilipunguza muziki ili wazungumze. Wanunuzi hawakuyathamini hayo. Kila mmoja alitaka chake, na vyombo vilivyofuata viliacha kitufe, kisha tundu la pili. Adabu iliyowekwa na mtengenezaji iliondolewa na mnunuzi.

Palibaki mashaka ya makelele ya safari. Mjerumani Paul Lueg alikuwa ameeleza katika hataza yake ya mwaka 1936 kwamba sauti yaweza kufutwa kwa sauti nyingine iliyo kinyume chake, kilele cha wimbi moja kikikutana na bonde la jingine. Amar Bose alianza kuifanyia kazi fikra ya namna hiyo kwa hedifoni katika safari ya ndege mwaka 1978. Ilitiwa katika hedifoni za marubani mwaka 1989, kisha ikauzwa kwa abiria mwaka 2000. Maikrofoni ndogo husikia kelele ya nje, na chombo hutoa wimbi la kuipinga. Hufaulu zaidi kwa mngurumo mzito usiobadilika, kama wa injini, kuliko kwa maneno ya watu au mlio wa ghafla.

Faida yake si starehe pekee. Aliye katika basi la makelele hupandisha sauti ili aishinde injini, naye hudhurika asijijue. Kwa kanuni za mwaka 2019 za Shirika la Afya Duniani na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, mtu mzima yampasa asizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kila zinapoongezwa desibeli 3, muda wa salama hupungua nusu. Kwa desibeli 83 ni saa 20 tu. Kelele ikizuiwa, muziki wa chini hutosha. Mtazamaji wa filamu naye ana lake la kuchunguza: hedifoni zisizo na waya, zilizoenea sana baada ya mwaka 2016, zaweza kuchelewesha sauti kidogo, midomo ya mwigizaji ikatangulia maneno yake. Waya haina kasoro hiyo. Na kwa aendaye kwa miguu barabarani, hedifoni iliyo bora kwa kuzuia sauti ndiyo iliyo hatari zaidi, kwa maana honi nayo huzuiwa.

Basi mchaguzi mwenye busara huanza kwa kuuliza atasikilizia wapi na ubavuni mwa nani, ndipo aulize bei. Avae, aweke sauti aipendayo, kisha ampe mwenziwe aliye karibu kazi ya kumwambia kama anasikia kitu. Mtihani huo hauna gharama, na hupima kama jirani amesitirika. Haupimi deni la pili, ambalo Morita aliliona mapema. Abiria anayeketi hutoa salamu, na salamu haina waya wa kupita ndani ya sikio lililozibwa. Ikikosa jibu, aliyeitoa hajui kama amedharauliwa au hakusikiwa. Tundu la pili halikurudi katika vyombo vya leo, na kile kitufe cha rangi ya machungwa hakirudi. Mkono wa kuvua hedifoni ungalipo.