Gobori: bunduki ya mwindaji wa Kongo, asili yake na namna ya kuepuka hatari zake

Katika vijiji vingi vya Maniema, Kivu na Katanga, kuna bunduki ambayo wakaaji waliifahamu kabla ya vita vya miaka hii. Ni gobori la mwindaji, ambalo wengine huliita pupu. Bunduki hii hupakiwa kwa mdomo wa mtutu: baruti humiminwa kwanza, risasi au marisau hufuata, kisha vyote hushindiliwa kwa mdeki. Ikipigwa mara moja, mwindaji huanza kazi yote upya.

Gobori limelisha familia nyingi kwa nyama ya paa, funo na ngurube wa porini. Gobori hilohilo limekata vidole vya wawindaji na kupofusha macho ya wengine, kwa sababu mtutu ulipasuka au baruti ilishika moto kabla ya wakati wake. Wakati huu ambapo familia zilizohama zinafikiria kurudi vijijini, ni vema kufahamu bunduki hii ilitoka wapi, na ni kitu gani kinachotofautisha gobori zuri na lile linalomuua mwenye nalo.

ZILIVYOFIKA KONGO

Bunduki za kupakia kwa mdomo zilifika mashariki ya Kongo katika karne ya 19 pamoja na misafara kutoka Zanzibar. Wafanyabiashara walivuka ziwa Tanganyika wakitafuta pembe za ndovu na watumwa, wakajenga vituo Nyangwe na Kasongo, kando ya mto Lualaba na karibu nao. Mkubwa wao alikuwa Hamed bin Muhammed, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba jina hilo lilitokana na mlio wa bunduki za watu wake.

Upande wa kusini, Msiri, mzaliwa wa Unyamwezi, alijenga ufalme wake Bunkeya huko Katanga. Aliuza shaba, pembe za ndovu na watumwa, akapata bunduki na baruti kutoka pwani ya mashariki, na pia kutoka Benguela upande wa Angola. Aliuawa Desemba 1891 wakati msafara uliotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold II ulipofika kwake.

Bunduki hizo hazikuletwa kwa ajili ya kuwinda wanyama tu. Tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki waliwapiga risasi raia waliokuwa sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula. Wengine walizama mtoni wakikimbia. David Livingstone, aliyekuwepo siku hiyo, aliandika makadirio ya waliokufa kuwa zaidi ya watu 300. Kwa hiyo wakaaji wa Lualaba walilijua gobori kwanza kama chombo cha kuwinda watu, kabla halijawa chombo cha kutafutia kitoweo.

SHERIA YA 1890

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa ya Ulaya na mengine yalitia sahihi mkataba mjini Brussels. Mkataba huo ulihusu kukomesha biashara ya watumwa, lakini ndani yake kulikuwa na vifungu kuhusu silaha. Ulikataza kuingiza bunduki za kisasa katika ukanda wa Afrika ulio kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta. Kongo nzima ilikuwa ndani ya ukanda huo.

Bunduki ambazo ziliweza kuruhusiwa kwa biashara ya kawaida zilikuwa zile za gumegume, zenye mtutu usiochongwa mifuo ndani, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Askari wa serikali ya Leopold, kwa upande wao, walishika bunduki za Albini zinazopakiwa nyuma, ambazo zilipiga mara nyingi wakati mwenye gobori bado anashindilia. Tofauti hiyo ilionekana katika vita vya 1892 hadi 1894, ambapo jeshi hilo liliteka Nyangwe na Kasongo mwaka wa 1893.

Baada ya Ubelgiji kuichukua Kongo mwaka wa 1908, utaratibu haukubadilika sana. Mkongomani aliyepewa ruhusa ya kuwa na bunduki kwa kawaida alipewa ile ya kupakia kwa mdomo, iliyoitwa bunduki ya pistoni. Ndiyo sababu silaha hii ya zamani ilidumu vijijini wakati nchi nyingine zilikuwa zimeshaiacha. Wakubwa waliona ni bunduki isiyoweza kuiangusha serikali.

GUMEGUME NA FATAKI

Gobori lina namna mbili kubwa. Ya kwanza ni gumegume. Jiwe lililofungwa kwenye nyundo hupiga chuma, cheche huanguka kwenye baruti kidogo iliyo nje, na moto hupita katika tundu dogo hadi ndani ya mtutu. Shida yake ni mvua. Katika msitu wenye unyevu, baruti ya nje hulowa, mnyama akaondoka huku mwindaji akisikia mlio mdogo tu.

Namna ya pili ni fataki. Mwaka wa 1807, mchungaji wa kanisa huko Scotland, Alexander Forsyth, alipata hati ya uvumbuzi wa kutumia kemikali inayolipuka ikigongwa. Katika miaka ya 1820, kofia ndogo za shaba zenye kemikali hiyo zilianza kuenea. Kofia huvikwa juu ya chuchu ya chuma, nyundo huigonga, na moto huingia moja kwa moja ndani. Fataki hustahimili unyevu kuliko gumegume, na bunduki huwaka upesi zaidi. Ndiyo sababu wawindaji wa misitu waliipenda.

ALAMA YA JARIBIO

Bunduki nyingi zilizouzwa Afrika zilitengenezwa Liège nchini Ubelgiji na Birmingham nchini Uingereza. Miji hiyo ilikuwa na nyumba za kujaribu mitutu. Ile ya Liège ilianza mwaka wa 1672, na ya Birmingham mwaka wa 1813. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleweka: mtutu ulipakiwa baruti nyingi kuliko kawaida, ukapigwa bila mtu kuushika. Uliopasuka ulitupwa. Uliopona ulipigwa muhuri. Bunduki za zamani za Liège huonyesha herufi ELG ndani ya umbo la yai, na zile za baadaye zina taji juu yake.

Muhuri huo haukuwa pambo. Ulimwambia mnunuzi kwamba chuma hiki kimeshabeba mzigo mkubwa kuliko ule atakaoutia yeye. Hata hivyo, muhuri unasema habari za siku ile ya jaribio. Hausemi lolote kuhusu kutu ya miaka 80 juu ya dari ya jikoni.

Pupu inayotengenezwa na mhunzi wa kijijini haipitii jaribio kama hilo. Wahunzi wetu ni mafundi hodari, na ufundi wao wa chuma ni wa zamani kuliko ukoloni. Lakini mara nyingi hulazimika kutumia bomba la maji au chuma cha gari. Bomba la maji limetengenezwa kubeba maji, na mara nyingi lina mshono kwa urefu wake. Moto wa baruti ukiusukuma mshono huo, bomba hufunguka kama ganda la haragwe, na mkono wa kushoto wa mwindaji uko hapohapo.

WAWINDAJI WENYE UZOEFU WANATAZAMA NINI

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba bunduki haina kitu ndani. Mdeki huingizwa hadi mwisho, kidole huweka alama penye mdomo wa mtutu, kisha mdeki hutolewa na kulazwa nje sambamba na mtutu. Ukifika karibu na tundu la moto, bunduki ni tupu. Ukiishia mbali, kuna kitu ndani. Katika kazi hii uso haukai mbele ya mdomo wa mtutu hata kidogo.

La pili ni mtutu wenyewe. Uvimbe, ufa, shimo la kutu, au sehemu iliyochomelewa ni sababu ya kuikataa bunduki hata kama inauzwa kwa bei ndogo. La tatu ni chuma kinachoziba nyuma ya mtutu. Kikilegea, kinaweza kuruka kuelekea usoni. La nne ni mtambo. Nyundo ikipandishwa nusu lazima ikae, isianguke kwa kutikiswa wala kwa kuguswa kifyatuo. La tano ni chuchu: fataki ikae imara, isidondoke njiani.

Bunduki nzuri pia huweza kuua mwenyewe ikipakiwa vibaya. Risasi isiyoshuka hadi kugusa baruti huacha nafasi katikati, na mtutu unaweza kuvimba au kupasuka hapo. Mwenye kusahau kwamba ameshapakia, akapakia tena, naye anatafuta ajali. Kwa sababu hiyo wengi huchonga alama mbili kwenye mdeki, moja ya bunduki tupu na moja ya bunduki iliyopakiwa.

Baruti ni jambo kubwa zaidi. Gobori huchukua baruti nyeusi tu. Baruti ya kisasa isiyo na moshi, iliyovumbuliwa Ufaransa mwaka wa 1884, ina nguvu ambayo mitutu hii haikutengenezewa. Mtu anayefungua risasi za askari na kumimina baruti yake ndani ya gobori anatengeneza bomu na kuliweka begani. Baruti nayo hupimwa katika kipimo kidogo. Haimiminwi moja kwa moja kutoka chombo kikubwa, maana kaa dogo lililobaki mtutuni linaweza kulipua chombo chote.

Bunduki ikikataa kuwaka, mwindaji hubaki ameielekeza mahali pasipo na mtu na kungoja dakika moja au zaidi. Na baada ya kuwinda, mtutu huoshwa kwa maji ya moto, hukaushwa na kupakwa mafuta, kwa kuwa masizi ya baruti nyeusi huvuta unyevu na kula chuma.

KWA FAMILIA ZINAZORUDI

Ikumbukwe kwamba nchini Kongo uwindaji unaongozwa na sheria ya tarehe 28 Mei 1982, na kumiliki silaha kunaongozwa na sheria ya tarehe 3 Septemba 1985. Zote zinadai kibali. Ndani ya mbuga za taifa kama Virunga, Maiko na Kahuzi-Biega uwindaji umekatazwa. Zaidi ya sheria, kuna hatari ya wakati huu: mwanaume anayeonekana njiani na gobori anaweza kudhaniwa kuwa mpiganaji, na maelezo yake yakachelewa kusikilizwa.

Anayerudi nyumbani akakuta gobori la marehemu baba juu ya dari, alihesabu kuwa limepakiwa hadi mtu mwenye ujuzi atakapothibitisha. Baruti nyeusi haizeeki haraka ikikaa mahali pakavu. Mwaka wa 2008, huko Virginia nchini Marekani, mtu aliyekuwa akishughulikia kombora la vita vya 1861 hadi 1865 aliuawa lilipolipuka, ingawa lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 140.

Kwa hiyo bunduki kama hiyo haichezewi na watoto, haitupwi motoni pamoja na takataka, wala haijaribiwi ili kuona kama bado inalia. Watoto waondolewe, chifu wa kijiji aarifiwe, na wenye mamlaka na ujuzi waitazame. Gobori lilidumu miaka mingi mikononi mwa wazee waliolijua vizuri. Wengi wa wazee hao hawapo tena, na vijana waliokulia kambini hawakupata nafasi ya kufundishwa nao.