Mnara wa Ishbiliya

Mwenye siku moja tu ya mapumziko mjini Córdoba, kusini mwa Hispania, aweza kupanda gari-moshi asubuhi akafika Sevilla kwa muda usiotimia saa moja. Huo ndio mji ambao waandishi wa Kiarabu waliuita Ishbiliya, na mnara wake, uitwao leo Giralda, watosha kuijaza siku hiyo.

Ujenzi wake ulianza mwaka 1184 kwa amri ya Khalifa Abu Ya'qub Yusuf wa dola ya Al-Muwahhidun. Mwaka huo huo khalifa alijeruhiwa vitani Santarém akafariki, kazi ikasimama. Mwashi wa kwanza, Ahmad ibn Baso, alikuwa ameweka msingi kwa mawe ya magofu ya Warumi. Hata leo maandishi ya Kilatini yanasomeka chini ya ukuta. Ali wa Ghumara akaendeleza kwa matofali, na Machi 1198 matufe yaliyopambwa kwa dhahabu yakapachikwa kileleni. (Maandishi ya kibla ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ya mwaka 1107, yametangulia msingi wa mnara huu kwa miaka 77.)

Ndani hamna ngazi, ila chache za mwishoni. Kuna njia ya mwinuko, mapindi 35, yenye upana wa kumpitisha mtu aliyepanda mnyama; husimuliwa kwamba mwadhini alipanda kwa farasi. Mgeni wa leo huipanda kwa miguu, akitua dirishani kila apendapo. Mwadhini hakuwa na nafasi hiyo: wakati wa sala haumngoji mtu, na safari yake ilikuwa mara tano kwa siku.

Mwaka 1248 Mfalme Fernando III aliutwaa mji. Yasimuliwa kwamba walioshindwa waliomba waubomoe mnara wao kabla ya kuukabidhi, naye Alfonso, mwana wa mfalme, akaapa kuwa likiondolewa tofali moja wote watauawa. Wengi hukisifu kisa hiki kwamba ni penzi la sanaa. Ni penzi, naam, lakini la mwenye upanga. Na wale walioomba kubomoa hawakuuchukia mnara. Hawakutaka kuusikia ukinena kwa sauti nyingine.

Sauti hiyo ilikuja. Msikiti uligeuzwa kanisa, kisha karne ya 15 ukavunjwa kupisha kanisa kuu lililopo. Kati ya 1558 na 1568 Hernán Ruiz aliongeza juu ya mnara ghorofa ya kengele na sanamu ya mwanamke igeukayo na upepo. Kugeuka huko ndiko kulikouzalia mnara jina lake. Kazi yake ni nzuri, hapana haja ya kuikana, na jicho lisiloambiwa huenda lisitambue mahali mkono mmoja ulipokoma na mwingine ukaanza.

Ashukaye hutokea ua wa michungwa, uliokuwa wa msikiti. Milango ya lango la ua huo, iliyofunikwa shaba, ingali na maandishi ya Kiarabu ya wakati wa Al-Muwahhidun. Wengi huyapita wakikimbilia gari-moshi la jioni.