Supape Zinalia, Mafuta Hayapandi

"Supape inalia, mafuta haipande." Katika Kiswahili cha Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo, kauli hiyo inatosha kumweleza fundi kwamba pikipiki inagonga kwa juu na oili haifiki inakotakiwa. Ni maneno manne tu, lakini yamebeba hitilafu mbili: kelele ya vali na shinikizo dogo la oili. Kwa kuwa hutajwa pamoja, hutibiwa kana kwamba ni ugonjwa mmoja, na hapo matengenezo hupotea njia. Tapeti, yaani skrubu za kurekebisha mwanya wa vali, zinakazwa mpaka kelele inyamaze, mwenye pikipiki anaondoka ameridhika, na muda si mrefu injini yote inalazimika kufunguliwa.

Shinikizo la oili ni istilahi ambayo bado haijatulia kwenye fukwe za Ziwa Tanganyika. Upande wa Kongo, lugha ya karakana imekopa kutoka Kifaransa: vali ni supape, injini ni moteri, kumwaga oili chakavu na kutia mpya ni vidanji, na shinikizo ni presio. Ng'ambo, Kigoma, mkopo umetoka Kiingereza, kwa hiyo husikika valvu, oili na presha. Tofauti hiyo inafika hadi hospitalini: mgonjwa ambaye Kigoma wangesema ana presha, Baraka wanasema ana tansio. Vitabu vya fizikia vya Kiswahili vina neno lao, kanieneo, lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo. Kwa mwanafunzi ni neno zuri, maana shinikizo ni kani iliyogawanywa kwa eneo inaloliangukia. Karakanani, hata hivyo, kanieneo halina mizizi. Shinikizo lina nafasi kubwa zaidi ya kueleweka, kwa sababu kila msemaji anajua kwamba kushinikiza ni kubana, na oili ndani ya injini hubanwa kweli.

Neno "kupanda" linaficha jambo moja muhimu: kiasi na shinikizo ni vitu viwili. Kijiti cha kupimia oili huonyesha kiasi peke yake. Injini inaweza kujaa oili hadi alama ya juu na bado ikakosa shinikizo. Pampu nayo haitengenezi shinikizo. Kazi yake ni kusukuma oili. Shinikizo huzaliwa pale oili inapokutana na njia nyembamba, kama maji ya mpira wa bustani yanavyoruka mbali mtu akibana mdomo wake kwa kidole. Nafasi kati ya shafti na bushi yake ikitanuka kwa kulika, oili hupenya bila kizuizi, shinikizo linashuka, na sehemu zinazotegemea njia hiyo zinabaki kupata matone.

Pikipiki za zamani za Uingereza zinalionyesha jambo hili waziwazi. Triumph ya silinda mbili, ya ukubwa wa sentimita za ujazo 650, ikiwa nzima na imeshapata moto hutakiwa kuonyesha paundi 65 hadi 85 kwa inchi ya mraba ikiwa kwenye mwendo, na 20 hadi 25 ikinguruma mahali pamoja. BSA A65, iliyotoka kiwandani kuanzia 1962, inajulikana kwa wapenzi wa pikipiki kuukuu kwa sababu ya bushi moja ya krankishafti. Oili inayokwenda kwenye konirodi lazima ipitie hapo kwanza. Bushi hiyo ikilika, oili humwagikia papo hapo na konirodi hukauka. Lakini katika pikipiki hizo roka, yaani mikono mifupi inayobonyeza vali, hupata oili kutoka kwenye bomba linaloirudisha tangini, si kutoka kwenye njia yenye shinikizo kubwa. Kwa hiyo vali zinaweza kupiga kelele wakati shinikizo ni zima, na shinikizo linaweza kufa wakati juu kumetulia. Fundi anayepima shinikizo kwa sikio atakosea pande zote mbili.

Barabara ya kupanda kutoka Baraka kwenda Fizi ni ya pikipiki ndogo za India na China. Nyingi kati ya hizo za China zinabeba injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Honda walikuwa wameona kwamba katika nchi nyingi pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na oili hubadilishwa kwa kuchelewa, na injini yenye kamshafti ya juu inayozungushwa kwa cheni ilikuwa inaumia. Wakaishusha kamshafti chini, wakaizungusha kwa gia, na kuziendesha vali kwa fimbo mbili ndefu. Krankishafti yake imekaa juu ya beringi za gololi, ambazo hazihitaji oili iliyobanwa sana, zinahitaji tu ifike bila kukatika. Haina geji ya oili. Kichujio chake ni wavu mdogo pamoja na kikombe kinachozunguka na kutupa uchafu pembeni. Katika injini ya namna hii, mtu akisema "presio ndogo" huwa anamaanisha kwamba oili haifiki juu, na si kwamba geji imeshuka. Hapo kauli ya Baraka inaeleza hali vizuri kuliko neno la kitabuni.

Turudi kwenye kelele. Kamshafti huzunguka mara moja kila krankishafti inapozunguka mara mbili. Injini ikinguruma kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, kila vali inafunguka mara 750 tu. Ndiyo maana mwendo wa mlio wa vali ni nusu ya mwendo wa injini, na mlio wenyewe ni mwepesi, wa chuma kwa chuma. Konirodi iliyolegea hutoa kishindo kizito kutoka chini, na kishindo hicho huzidi pikipiki inapopanda mlima na mzigo. Pistoni iliyolika hugonga zaidi injini ikiwa baridi, kisha hutulia ikipata moto. Fundi huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kifuniko cha vali na mpini wake sikioni, kisha huihamishia chini kwenye nyumba ya krankishafti. Mahali mlio unapokuwa mkali ndipo pa kuanzia.

Kabla ya kugusa chochote, injini iwe imepoa kabisa. Kwa CG125 kipimo cha mwanya wa vali ni milimita 0.08, kwa vali ya kuingiza na ya kutoa pia. Krankishafti huzungushwa taratibu mpaka alama ya T ikae sawa na mstari wake, na roka zote mbili ziwe zinachezacheza kwa kidole. Kama mojawapo imebana, pistoni iko kwenye zamu ya kutoa moshi, basi izungushwe mzunguko mmoja zaidi. Kibati chembamba cha kupimia kinaingizwa kati ya skrubu na ncha ya vali. Kinatakiwa kipite kwa kukwaruza kidogo: kikipita huru, mwanya ni mkubwa, kikigoma, ni mdogo. Nati inalegezwa, skrubu inazungushwa, kisha skrubu inashikiliwa isisogee wakati nati inakazwa. Halafu kibati kinarudishwa tena, maana kukaza nati hubadilisha kipimo, na wengi huiruka hatua hii kwa haraka ya kazi.

Mwanya huo umewekwa kwa sababu. Chuma hutanuka kikipata moto. Bila nafasi, vali hushindwa kukaa vizuri kwenye kiti chake, na vali ya kutoa hupoteza joto lake kubwa kupitia kiti hichohicho. Isipokigusa, hewa ya moto hupenya pembeni na ukingo wake unaungua. Pikipiki huanza kukosa nguvu, hugoma kuwaka asubuhi, na wakati wote huo haipigi kelele yoyote. Mlio mdogo wa vali ni dalili ya afya. Vali za kuogopwa ni zile zilizonyamazishwa.

Mwanya ukiwa sahihi na kelele ikaendelea, sasa oili ndiyo iulizwe. Kifuniko cha juu kinafunguliwa, injini inanguruma polepole, na roka zinatazamwa kama zinalowa. Zikibaki kavu, uchunguzi huanza kwenye vitu vya bei ndogo: kiasi cha oili, aina yake, wavu wa chini. Pampu na beringi hufuata baadaye.

Kuna chanzo kimoja ambacho wengi hawakifikirii, nacho kinaonyesha vizuri kwa nini kiasi na shinikizo visichanganywe. Esanse, yaani petroli, inayouzwa kwa chupa kando ya barabara, na wauzaji ambao Kongo huwaita makadhafi, mara nyingi huwa na vumbi ndani. Chembe moja ikikwama chini ya sindano ya boya la kabureta, esanse haizibwi tena. Usiku kucha inavuja kupitia silinda hadi kwenye oili. Asubuhi kijiti kinaonyesha oili imeongezeka, na mwenye pikipiki anashukuru. Kumbe oili imekuwa nyepesi, haibanwi tena kwenye njia zake, na sehemu za chuma zinasagana. Kiasi kimepanda, shinikizo limeshuka. Dawa yake ni kusafisha sindano ya boya kwanza, kisha kufanya vidanji. Ukianza na vidanji, kesho yake oili itaharibika tena.

Si kila pikipiki kuukuu inahusika na haya. Yamaha AG100 na DT125, ambazo miradi ya misaada barani Afrika ilizitumia sana, ni za mipigo miwili. Hazina roka wala tapeti, na oili yake huungua pamoja na esanse. Anayeambiwa supape za DT yake zinahitaji kukazwa atafute fundi mwingine.

Kwa anayeendesha kati ya Baraka na Fizi: juu ya injini pakianza kulia ghafla katikati ya mlima, usingoje kufika kileleni. Zima, iache ipoe, chomoa kijiti, tazama alama, kisha inuse oili kama ina harufu ya esanse. Ukifika karakanani, mweleze fundi mambo mawili mbalimbali: oili ilikuwa kiasi gani, na mlio unatoka wapi. Na umkatalie kukaza tapeti kabla hajaweka kibati.